Mkwe Njiani, Mtungi Kichwani

Mwezi wa Agosti mwaka 1953 tulimpoteza mama, na siku hiyohiyo ya maziko tukaupoteza mtungi wake. Kwetu, ukingoni mwa uwanda wa juu upande wa Newala, mtungi wa mwanamke aliyekufa haurithiwi. Hutobolewa kitako ukawekwa juu ya kaburi, ili mwenyewe awe nao huko aliko na mwenye tamaa asiuchukue. Kwa hiyo tulirudi nyumbani watu wawili, baba na mimi, hatuna mama na hatuna cha kutekea maji. Siyaandiki mambo hayo mawili pamoja kwa kuyalinganisha. Nayaandika pamoja kwa kuwa ndivyo yalivyokuja. Kwa la kwanza tulilia, kwa la pili tuliona kiu.

Juu kwetu ardhi ni mchanga. Mvua hunyesha ikazama, wala huoni kijito. Wakati wa masika tulikinga maji ya paa, lakini kiangazi maji yalikuwa bondeni, mwisho wa njia iliyojikunja ubavuni mwa mlima. Watu wa Masasi, walio chini na visima vyao, walikuwa wakitutania kwamba sisi wa juu mvua ikitukuta njiani hatujikingi, tunaikinga. Wanawake waliteremka alfajiri na mitungi mitupu, wakapanda na iliyojaa jua likiwa limekwisha kuwa kali. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Nilijua tu, kama nilivyojua kwamba jogoo hatagi.

Matanga yalipoanuliwa, mjomba alikuja. Alikuwa kaka mkubwa wa mama, na kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama: baba hulisha na kupenda, mjomba huamua. Mimi nilikuwa darasa la nne, mmoja wa wasichana wachache sana wa shule ile. Mwisho wa mwaka kulikuwa na mtihani, na aliyefaulu angeteremka kwenda shule ya bweni ya wasichana upande wa Masasi.

"Shemeji," mjomba alisema, "nyumba haina mwanamke."

"Nimeona," baba alijibu. Alikuwa akichonga mpini wa jembe.

"Na bila mwanamke hakuna maji. Huyu mtoto amekua. Shule imemtosha. Kuanzia kesho atateka maji, na mvua zikija atakuja kwangu achezwe unyago, kisha tumtafutie mume."

Baba aliupuliza mpini, akaukagua kwa jicho moja. "Maji nitateka mimi."

Mjomba alicheka, kisha akangoja baba naye acheke ili mambo yaendelee. Baba hakucheka.

"Utateka nini?"

"Maji."

"Wewe? Na ndevu hizo?"

"Kwani maji yanauliza ndevu?"

Mjomba akasimama. Alisema mbele ya majirani, kwa sauti ya mtu anayetaka ashuhudiwe, kwamba nyumba yetu ikikosa maji siku moja tu kabla ya mvua, mtoto ni wake. Baba akauliza, na yasipokosekana? Mjomba akasema, "Tutazungumza." Basi hilo ndilo lililokuwepo. Kukaa kwangu shuleni kulikuwa juu ya kichwa cha baba, tena kichwa ambacho hakijawahi kubeba kitu isipokuwa kofia.

Ila mwanzo hakutaka kutumia kichwa. Alikuwa amewahi kufanya kazi Lindi, akawaona wachota maji wa mjini wakibeba madebe mawili kwa mti begani, moja mbele na moja nyuma. Alitengeneza mti wake, akausugua kwa mafuta, akateremka akiwa na furaha kidogo, mara ya kwanza tangu msiba. Lakini Lindi ni tambarare. Njia yetu ilikuwa nyembamba kama mshipi, na kona zake zilikatika kama viwiko. Wakati wa kupanda, kwenye kona ya kwanza debe la mbele liligonga mlima na la nyuma likabaki likining'inia hewani. Baba akageuka kulitazama la nyuma, ndipo la mbele nalo likapata nafasi ya kwenda. Yote mawili yalirudi bondeni yakipiga kelele. Wanawake waliokuwa chini kisimani walisikia mlio wa bati ukiwajia, wakatawanyika. Kisha jirani yetu, mke wa fundi cherehani, mwanamke wa sauti kubwa, akasema, "Shemeji ametuletea ngoma. Haya, nani anacheza?"

Siku hiyo walimpa masharti. Mti wa begani marufuku, utatuua. Atangoja kwenye jiwe kubwa juu ya kisima mpaka wa mwisho wetu ateke. Na kama anataka kazi yetu, aifanye kama sisi, kwa mtungi na ngata kichwani. Baba aliyakubali yote. Aliniambia jioni, "Masharti si matusi."

Mtungi aliupata kwa mfinyanzi wa kijiji cha pili kwa kumlimia shamba. Kisha akaanza kujifunza uani. Alisokota ngata ya majani, akaweka mtungi mtupu, akatembea kuzunguka nyumba amekaza shingo, macho mbele, mikono imetanuka kama mtu anayevuka mto kwa gogo. Majirani walikuja na vigoda vyao. Wazee walitoa maoni. Mke wa fundi aliegemea uzio akipiga kelele, "Legeza kiuno, shemeji! Mtungi hubebwa na kiuno, kichwa ni kigoda tu!" Baba akasema kiuno chake hakina mazoea hayo. "Kitazoea," akamjibu, "changu kilizoea na hakikuulizwa."

Nilicheka siku ile, wiki chache tu baada ya mama kufa. Nilipoona ninacheka nikaingia ndani. Baba alinifuata mlangoni na mtungi ukiwa bado kichwani, akaniambia, "Cheka tu. Hata mama yako angecheka. Angekaa kigoda cha mbele."

Aliweza, mwishowe. Si vizuri, lakini aliweza. Alifika nyumbani amelowa mpaka magotini na mtungi una zaidi ya nusu. Tungekuwa salama kama si bibi.

Bibi alikuwa mama wa mama, yaani mkwe wa baba. Na kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaonani. Wakikaribiana njiani, mwanamume hutoka njia, huingia porini na kugeuka mgongo mpaka mkwe apite. Hawasemeshani, hawatajani. Si uadui hata kidogo. Ni heshima, tena kubwa. Tangu amwoe mama, baba hakuwahi kumwambia bibi neno, na bibi alimwita "yule mtu". Miaka yote hiyo hapakuwa na shida, maana bibi alikwenda njia za wanawake na baba za wanaume. Sasa walikuwa na njia moja, nyembamba, upande mmoja mlima, upande mwingine pori lililoinama.

Bibi alikuwa mzee, na wazee huteremka wakichelewa. Baba alikuwa wa mwisho kuteka, akapanda akichelewa. Basi wakakutana kwenye kona. Baba alifanya jambo ambalo mwanamume yeyote aliyelelewa vizuri kwetu angelifanya: aliruka nje ya njia. Hakukumbuka kwamba ana mtungi kichwani. Heshima ilitua porini kwa miguu yote miwili, mtungi ukatua kwa namna yake. Alikaa pale kichakani, kageuka mgongo, analowa, mpaka bibi alipopita.

Alilima tena kwa mfinyanzi. Yule mama alimwambia, "Baba, msiba wako ni neema yangu. Mkwe wako nimpelekee zawadi?"

Mara ya pili walishtukiana wote wawili. Baba akaruka kulia na bibi, kwa kumwonea huruma, akataka kumpisha yeye, akaruka kushoto. Ulivunjika mtungi uliojaa na ulivunjika mtungi mtupu. Bibi alirudi juu analia, si kwa uchungu bali kwa hasira, na habari ikamfikia mjomba kabla ya mchana.

Alikuja moja kwa moja kwetu. Baba alikuwa bado bondeni akijaribu kuazima chombo. Nyumbani mlikuwa na kibuyu kimoja cha maji. Mjomba akakaa. Nikapiga goti nikamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba, akaomba maji ya kunywa. Nilimpa. Akayanywa yote, akafuta mdomo.

"Niongeze," akasema.

Nilisimama na kibuyu kitupu mkononi. Nilikuwa nikilifikiria dawati langu, lililokuwa karibu na dirisha. Ndipo sauti ikavuka uzio. "Wewe mtoto! Njoo uchukue maji yenu! Mlinikopesha jana mtungi mzima, sasa mnataka nilale nayo?"

Hatukuwa tumemkopesha mke wa fundi hata tone. Nilikwenda, akanitwisha mtungi wake mwenyewe, akaninong'oneza, "Usiseme kitu, tembea." Mjomba aliutazama mtungi ule, akautazama uzio. Akanywa tena, maana aliomba mwenyewe. Kisha akaondoka kwenda kwa jumbe kushtaki, si habari ya maji tena, bali kwamba shemeji yake anamvunjia mama mkwe heshima pamoja na vyombo.

Baraza la jumbe lilijaa siku ile kuliko siku ya kodi. Wanaume walikaa upande wao, wanawake upande wao. Baba alikaa amewapa watu mgongo, kwa sababu bibi alikuwapo. Bibi mwenyewe alikaa nyuma ya ghala la mtama asionekane, na mimi nikawekwa pembeni ya ghala niwe kinywa chake.

Mjomba alisema ya kwake vizuri. Alikuwa msemaji. Alisema dunia ina mpaka. Alisema mwanamume akishateka maji atapika, akishapika atafinyanga, na mwisho wake hatutajua nani amzike nani. Wanaume wengi waliitikia.

Fundi cherehani akaomba nafasi. "Mimi sina neno na shemeji. Neno langu liko kwenye kesho. Leo kateka yeye, kesho mke wangu ataniambia na mimi nikateke."

"Kwa nini ningoje kesho?" mkewe akasema kutoka upande wa wanawake. "Nakuambia leo."

Watu walicheka mpaka jumbe akagonga fimbo. Lakini yule mama hakuwa amemaliza, na wala hakuwa upande wa baba kama nilivyodhani.

"Maji sikumnyima," alisema, "lakini kisima sikumpa. Kisima ni chetu. Pale tunaoga, pale tunakaa, pale tunasema habari zenu. Sasa huyu anakaa juu ya jiwe kama tai. Nyumbani mpo ninyi, shambani mpo ninyi, barazani mpo ninyi. Pamebaki wapi?"

Wanawake nao wakagawanyika. Wengine walisema kweli. Mmoja alisema kama wanaume wote wangeonja mlima ule siku moja, wangeacha kumwaga maji ya kunawa ovyo. Mwingine akasema yeye hataki mwanamume kisimani, ila mtoto abaki shule, mnisaidie namna ya kuyataka yote mawili. Sijasikia tangu siku hiyo mtu akisema ukweli namna hiyo barazani.

Jumbe akauliza mwenye kuvunjiwa anasemaje. Kutoka nyuma ya ghala bibi akasema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Mwambie yule mtu anatembea kama bata."

"Nimesikia," baba akasema akiwa amegeuka.

"Bado hujasikia," jumbe akamkatiza. "Mpaka mtoto aseme."

"Baba," nikasema, "bibi anasema unatembea kama bata."

"Sasa nimesikia."

"Mwambie kosa lake si kuteka maji. Kosa lake ni kuja kimya kama chui. Mtu mzito vile, anakosaje sauti? Aimbe. Nikimsikia nitakaa penye nafasi, apite, nipite."

"Baba, bibi anasema uimbe."

"Mwambie bibi yako sijui kuimba."

"Mwambie sikumwomba aimbe vizuri!"

Mjomba alisimama. "Mama, hapa tunazungumza habari ya mtoto na shule."

"Mwambie mjomba wako," bibi akaanza.

"Huyo ni mwanao," jumbe akasema, "sema naye mwenyewe."

"Leo sitaki kumwona na yeye." Baraza zima likacheka, na mjomba, nasema kweli, akatabasamu kidogo. Kisha bibi akasema bila kunipitia. "Mimi shule siijui, sijui inapika nini. Lakini aliyemwandikisha mtoto huyu ni binti yangu, alimpeleka kwa mkono wake. Mimi nimemzika binti yangu. Neno lake siliziki."

Hapakuwa na aliyecheka hapo. Jumbe aliamua kwamba njia ni ya kila mtu na kisima ni cha wanawake. Baba asiteremke mpaka wanawake wamekwisha kuteka na kuoga, na asikike kabla hajaonekana. Mjomba akasema sharti lake la maji bado lipo. Jumbe akasema lipo.

Baba kweli hakujua kuimba. Alichokijua ni jedwali la kuzidisha, alilokuwa akinisikia nikilikariri kila jioni wakati yeye akichonga. Basi akateremka mlima akilikariri kwa kelele. Mbili mara mbili nne! Mbili mara tatu sita! Sauti yake ilikuwa mbaya na ilifika mbali. Wanawake waliokuwa wakipanda walikuwa wakijua yuko kona gani kwa hesabu aliyofikia: akiwa kwenye tano yuko penye wembamba wa njia, akifika tisa anakaribia jiwe. Walimwita Mwalimu wa Mlimani. Jina hilo lilimkaa mpaka tukamzika nalo, miaka mingi baadaye, karibu na mama.

Bibi akisikia jedwali linakuja alikaa penye upana, akageuza uso, baba akapita. Hakuna mtungi uliovunjika tena. Lakini baba alikuwa na shimo lake katika hesabu, nalo lilikuwa saba mara nane. Kila akifika hapo alikwama, akarudia, akaruka. Siku moja ya Oktoba, joto kali, nilikuwa nimemsindikiza bibi, aliyechelewa kuliko wanawake wote, kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa. Tulikaa penye upana tukamsikia baba anapanda, anahema, mtungi umejaa.

"Saba mara saba arobaini na tisa! Saba mara nane hamsini na… Saba mara nane hamsini na…"

Tukasikia miguu imesimama. Akiwa anafikiri baba hakuweza kutembea. Hilo alikuwa nalo tangu zamani. Bibi akatazama jua. Akanitazama mimi. Alikuwa amenisikia nikikariri Jumapili nyingi nikimtwangia.

"Na sita!" alipiga kelele. "Hamsini na sita! Pita, baba, jua linatuua!"

Kisha baba akatokea, macho chini, shingo imekazwa, akapita mbele yetu kama mtu anayepita kanisani amechelewa. Hakuna tone lililomwagika. Nilimuuliza bibi mbona amesema na mkwe wake. Alikasirika. "Nani kasema naye? Nilikuwa naijibu hesabu."

Mvua zilipoanza Desemba nyumba yetu haikuwa imekosa maji. Siku nyingine yalikuwa machache, siku moja yalikuwa ya matope na tuliyachuja kwa kanga ya mama, lakini yalikuwapo. Mtihani niliufanya kwenye dawati lile la dirishani. Mwalimu alikuja kwa baiskeli kutuambia nimefaulu, na mjomba alikuja siku ya pili yake.

"Tulisema tutazungumza," alisema.

"Tuzungumze," baba akasema.

Nikamletea mjomba maji. Akayanywa polepole, akanirudishia kata. Alitazama paa, akatazama mtungi ulioegemezwa ukutani. "Haya," akasema. Wakahamia kwenye habari za mihogo. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo.

Januari mvua zilikatika jua likarudi kama la Agosti, na mashimo yetu ya kukingia yakakauka. Asubuhi ya safari baba aliteremka bondeni kama kawaida, wanawake walipokwisha kuteka, akisema atarudi kabla ya lori. Lori likawahi. Mjomba alipandisha sanduku langu juu. Bibi alikuwa amesimama kando ya lori akinipa maelekezo ya kila namna, kuhusu mvua, nyoka, na wavulana wa Masasi. Dereva akapiga honi. Ndipo tukasikia kutoka ukingoni mwa mlima, "Tisa mara nne thelathini na sita!"

Dereva alikubali kungoja alipojua ni maji yanayokuja. Baba alifika amelowa, akaona bibi yuko upande huu, akazunguka lori akaenda upande wa pili. Bibi, kwa heshima, akasogea mbele. Baba akadhani anakuja kwake, akasogea nyuma. Mimi nilikuwa juu katikati ya magunia, nikimwona huyu huku na yule kule. Baba alinyoosha mkono akanipa kata. Nikanywa. Akaniambia niende salama, nisisahau ya saba. Dereva akaomba maji yaliyobaki atie kwenye rejeta, akamiminiwa mtungi wote.

Lori likaondoka. Lilipotoka pale, hapakuwa na kitu tena katikati yao. Bibi akajifunika kanga usoni, baba akageuka mgongo ghafla na mtungi mtupu mkononi, na mjomba akabaki katikati, akitazama huku na huku.